Nambari ya 1999 nani aliikagua?

Hapa Garissa, ukitaka kikao cha chai kichangamke, taja sensa. Kila mtu ana hesabu yake, na kila hesabu ina pesa nyuma yake.

Agosti 2010, Waziri wa Mipango Wycliffe Oparanya alitangaza matokeo ya sensa ya 2009, kisha akayafuta ya wilaya 8: tatu za Mandera, tatu za Turkana, Wajir Mashariki na Lagdera yetu. Simlaumu kwa kushuku. Mandera ilikuwa na watu 250,372 mwaka 1999. Miaka 10 baadaye ikaandikiwa 1,025,756. Uzazi gani huo?

Lakini mbona nambari ya 1999 haikutiliwa shaka? Sensa yetu hushika usiku mmoja wa Agosti, kiangazi kikiwa kimekolea, mfugaji ameshawafuata ngamia wake kusikojulikana na karani. Huenda mara moja alirukwa, na mara nyingine jamaa wakamtaja katika nyumba mbili. Mwaka 2019 Mandera ikarekodiwa watu 867,457, na wakazi wakakimbilia mahakamani.

Tamaa ipo, tusifichane. Fomula ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato iligawa asilimia 45 ya fedha za kaunti kwa idadi ya watu, na 8 tu kwa ukubwa wa ardhi. Garissa ina zaidi ya kilomita 44,000 za mraba. Gari la wagonjwa kwenda Hulugho hula mafuta yale yale, huko wawe watu mia au elfu kumi. Umbali usipohesabiwa, watu wataongeza vichwa.

Si sensa pekee yenye orodha za kutiliwa shaka: wanaonisikitisha zaidi ni Wakenya waliojiandikisha katika kambi za wakimbizi za Dadaab enzi za ukame, wengine wakiwa watoto, ili wapate posho. Alama zao za vidole zikaingia katika orodha ya wakimbizi, na walipoomba kitambulisho wakaambiwa si raia. Kwamba walipokea chakula, orodha ilisema kweli. Kwao ni wapi, haikujua, na ofisini hakuna aliyetaka kumsikiliza chifu wala mama mzazi.

Sensa ijayo inatarajiwa 2029. Serikali isogeze tarehe hadi baada ya mvua, mifugo ikiwa karibu. Makarani wafike visimani na kwenye malambo. Na orodha ya kila kijiji isomwe mbele ya wazee wa hapo, wakatae au wakubali, kabla haijasafiri kwenda Nairobi.