Nguo ya Mwili wa Jana

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayejipamba kwa mali ya jirani. Lakini kuna uazimaji mwingine, nao ni mtu kuazima nguo kutoka kwake mwenyewe, yaani kutoka katika mwili aliokuwa nao zamani na ambao haupo tena. Makabati mengi ya wanawake, na ya wanaume pia, yamehifadhi nguo za aina hiyo: gauni la mwaka wa harusi, suti ya mahafali, blauzi iliyofungika vifungo vyote kabla ya mtoto wa kwanza. Hazivaliwi wala hazitolewi. Zinamngoja mwenyewe apungue.

Suala ninalotaka kulijadili ni hili. Mtu aliyejinyima chakula miaka nenda miaka rudi ili arejee katika nguo hizo, kisha siku moja akaamua kuacha, je, ameshindwa au ameongokewa? Na akienda kwa fundi kushona nguo mpya kwa kipimo cha mwili alio nao leo, je, huko ni kujiendekeza au ni kusema kweli?

Kulijibu, nakuomba msomaji wa pwani tuiache bahari kwa muda, twende hadi uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wake mkuu, Sumbawanga, uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai si ya mzaha. Sisi wa huku tumezoea kuutaja mji huo kwa utani wa uchawi, ilhali jina lenyewe, kama wenyeji wanavyolifasiri, lina maana ya "tupa uchawi". Naichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Watu wake walikuwa wafumaji wa nguo kabla ya nguo za viwandani kuwafikia, na walikuwa na fikra nzito juu ya mwili wa binadamu.

Tuanze na nguo. Wasafiri wa Kizungu waliopita Ufipa katika miaka ya 1870 na 1880 waliandika habari za pamba iliyolimwa huko na za mafundi waliofuma vitambaa vizito kwa mikono. Kitambaa cha namna hiyo hakikushonwa kufuata umbo la mtu. Kilifungwa au kilijitandwa. Binti akiwa mwembamba hukizungusha mara nyingi. Akizaa na kutanuka, hukizungusha mara chache. Nguo humfuata mwenye nguo. Hali ni hiyo hiyo katika khanga na kitenge mpaka leo, na naona hiyo ni mojawapo ya sababu zinazomfanya mama wa Kiswahili aipende khanga kuliko vazi jingine lolote: haimuulizi ana kilo ngapi.

Baadaye ikaja merikani, ile shuka ya kiwandani iliyopewa jina la nchi ilikotoka, ikaingia bara kupitia hapa kwetu Unguja. Ilikuwa rahisi kupatikana, na pole pole ufumaji wa Ufipa ulififia hadi ukatoweka katika karne ya 20. Kisha gauni na suruali zilizoshonwa zikazoeleka kupitia misheni, shule na ofisi. Mwisho, biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, ikaja mitumba kwa wingi, nguo ambazo zamani watu waliziita kwa kejeli "kafa Ulaya". Nguo ya mtumba ilikatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine, asiyejulikana, wa nchi nyingine, nayo ina namba shingoni. Mnunuzi sokoni Sumbawanga akiona namba haimtoshi, halaumu nguo. Anajilaumu yeye. Hivyo ndivyo uhusiano wa nguo na mwili ulivyopinduka bila ya mtu kutangaza: zamani kitambaa kilitafuta namna ya kumkaa mtu, sasa mtu anatafuta namna ya kuikaa nguo.

Lugha nayo ilipinduka. Katika Kiswahili cha wazee, kumwambia mtu "umenawiri" ni kumshukuria Mungu kwa niaba yake, na "umekonda" ni swali la huruma. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia, nao ukatambulika nchini mwaka 1983 mkoani Kagera, hofu ya wembamba ilizidi. Waganda waliuita silimu kwa sababu uliwakondesha watu, na watu wa Kagera wakauita Juliana, kwa jina la nguo ya fasheni iliyokuja na wafanyabiashara. Mwili na nguo vikabeba mashaka ya taifa zima. Leo mwanamke yule yule aliyepongezwa na bibi yake kwa kunawiri huambiwa na mfanyakazi mwenzake, "Mama, mbona umejiachia?" Neno hilo lastahili kuchunguzwa. Kujiachia ni kuachia kamba, kana kwamba mwili ni mnyama anayetaka kutoroka na kazi ya mwenyewe ni kumkaza. Anayeambiwa hivyo hapewi habari ya afya yake. Anapewa hukumu ya tabia.

Sasa tufikirie mfano. Mwalimu wa shule ya msingi mjini Sumbawanga, mwenye miaka 47 na watoto watatu, amejinyima mara tatu katika miaka kumi. Mara ya kwanza aliacha ugali. Mara ya pili aliacha kula jioni. Mara ya tatu alishindia maji ya moto na limau katika asubuhi za baridi ambapo wenzake wanakunywa uji wa ulezi. Kila mara kilo zilipungua, na kila mara zilirudi na nyongeza. Sweta lake la zamani halifungiki kifuani, lakini hanunui jingine, kwa kuwa kununua ni kukiri. Basi anatetemeka darasani akiwa amelivaa wazi, kwa heshima ya mwili ambao haumo ndani yake. Hapo ndipo naona upotovu wa kimaadili, wala si katika unene. Nguo imeumbwa kusitiri na kutia joto. Huyu ameifanya hakimu.

Mpinzani atasema: lakini nidhamu ni fadhila, na tumbo ni adui wa roho. Hoja hii ni nzito, hasa kwetu tunaofunga Ramadhani, na kwa Wakatoliki, ambao ni wengi Ufipa, wanaoishika Kwaresima. Lakini saumu na dayati ya aibu ni vitu viwili. Saumu ina mwanzo na mwisho. Hufungwa pamoja na jamaa na majirani. Lengo lake liko nje ya mfungaji, na mgonjwa ana ruhusa. Dayati ya aibu haina magharibi ya kufuturu. Hufanywa peke yako, mbele ya kioo, na lengo lake ni wewe mwenyewe. Saumu humfundisha mtu njaa ya mwenzake. Dayati humfunga katika njaa yake. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya kwa wiki 24, ili ajue namna ya kuwalisha walioathirika na vita. Wale vijana, waliokuwa wamejitolea kwa imani yao ya kupinga vita, waliishia kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi na kupoteza hamu ya mengine yote. Walipoachiwa kula, wengi walirudisha mafuta mwilini kuliko waliyokuwa nayo mwanzo. Kwa hiyo mwalimu wetu ambaye kilo zilimrudia na nyongeza hakukosa nidhamu. Mwili wake ulifanya kazi yake ya kujilinda na ukame.

Mpinzani wa pili ni daktari, naye simpingi. Kisukari na shinikizo la damu ni maradhi ya kweli, na yanaongezeka mijini. Aliyeagizwa apunguze sukari au chumvi apunguze, na kutembea kwa miguu ni kuzuri kwa kila umbo. Lakini shauri la daktari halihitaji gauni la mwaka wa harusi ning'inio kabatini. Mgonjwa wa sukari aliyevaa nguo inayomtosha hutembea kwa wepesi kuliko aliyejifunga zipu akakosa pumzi. Kuukubali mwili si kuutelekeza. Ni vigumu mtu kukitunza kitu anachokionea haya.

Mpinzani wa tatu ndiye anayenisumbua zaidi. Atasema: Rukwa ni ghala la mahindi, na bado utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta watoto 56 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 34. Katika nchi hiyo, kuzungumzia mtu aliyeacha dayati si anasa? Nilikuwa karibu kukubali, mpaka nilipofikiri kwamba mtoto aliyedumaa na mama aliyenenepa mara nyingi wanakaa nyumba moja, na pengine ni mtu yule yule katika nyakati mbili. Wataalamu wa lishe wametahadharisha kwamba aliyekosa lishe utotoni huwa katika hatari zaidi ya kunenepa na kupata sukari ukubwani. Mwili uliojifunza njaa mapema huweka akiba. Kumwaibisha mwanamke huyo kwa akiba hiyo, kisha kumtuma akajinyime tena, ni kumtoza deni mara mbili. Na nyumba ambayo mama anajifundisha kukichukia chakula si mahali pema pa kumfundisha mtoto kula.

Hapa ndipo fikra za Wafipa zinapotufaa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika mwaka 1967 kwamba waliifikiri jamii yao kwa mfano wa mwili: kichwa, chenye akili, ukubwa na amri, na kiuno, chenye nguvu, uzazi na ukuaji. Hata simulizi ya dola yao ina sura hiyo. Wanawake watatu wageni walifika Milansi mwenye nchi akiwa hayupo, wakakitwaa kiti chake; naye akabakiwa na heshima ya ukongwe na mlima wake. Kichwa na kiuno vikalazimika kuishi pamoja. Sidai kwamba Wafipa walikuwa na neno juu ya dayati. Maoni haya ni yangu. Lakini naona kujinyima kwa aibu ni kichwa kutaka kutawala kama kwamba kiuno ni mtumwa, kikisahau kwamba ukuaji wote umetoka huko chini. Wafuachuma wa Ufipa walielewa jambo hili kwa vitendo. Tanuru lao la udongo, refu kupita kimo cha mtu, walilitendea kama bibi harusi na kulipamba, kwa kuwa chuma kilizaliwa ndani ya tumbo lake pana. Upana wa tumbo hilo haukuwa kasoro iliyosubiri kurekebishwa.

Na sisi wa visiwani tunayo kumbukumbu yetu. Utumwa ulipopigwa marufuku hapa mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliitupa kaniki, nguo nyeusi ya hali yao ya zamani, wakavaa khanga. Sifananishi utumwa na kilo. Nataja jambo moja tu, kwamba kubadili nguo kwaweza kuwa tamko. Hawakungoja wawe watu wengine kwanza ndipo wavae. Walivaa kwa sababu tayari walikuwa huru.

Basi jibu langu ni kwamba aliyeacha kujinyima hakushindwa. Ameacha kuishi kwa ahadi. Na nguo mpya si anasa kwake, bali ni ukweli uliokatwa na kushonwa. Najua nguo ni fedha, na mshahara wa mwalimu haukubali kabati zima kwa siku moja. Haulazimiki. Aanze na kile kinachovaliwa kila siku na kile kinachozuia baridi. Fundi mwenye akili huacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono. Gauni la zamani lenye akiba hiyo huachiwa ubavuni, sketi hutiwa kipande cha kitenge kingine kiunoni. Futi ipite kifuani na nyongani bila ya kuvuta pumzi ndani. Na fundi anapoandika vipimo, asivishushe kwa adabu, kwa kuwa adabu ya namna hiyo ndiyo inayozaa gauni lisilofungika.

Zile zisizoweza kuachiwa apewe binti wa ndugu, au mwanafunzi anayeanza kazi. Gauni moja aweza kulibakisha kwa ukumbusho, kama tunavyohifadhi picha, ili mradi liwe ukumbusho na si shitaka. Wakulima wa Ufipa hukusanya nyasi ndani ya matuta ya mviringo mwisho wa mvua, zioze. Msimu unaofuata huyasambaza matuta hayo na kupanda nafaka. Shamba lile lile mwaka huu lina vilima, mwakani ni tambarare, wala mkulima haliambii limejiachia.

Sisi tunaotazama tuna wajibu mdogo na mgumu. Tukikutana na mtu baada ya miaka, tumuulize hali, watoto na kazi, na uzito wake tumwachie mwenyewe na daktari wake. Na tukimwona ndani ya nguo mpya inayomtosha, tumwambie amependeza, bila ya kuongeza neno.