Huzuni ya Mwanafunzi ni Kazi ya Nani?

Swali la leo laonekana dogo, lakini tukilitazama vizuri tutaona kwamba linagusa haki yenyewe. Mtoto akisinzia darasani kila asubuhi, asipojibu anapoitwa, akilia bila sababu inayoonekana, je, hilo ni jambo la mwalimu? Au mwalimu amekwisha kutimiza wajibu wake akifundisha hesabu na kusahihisha madaftari?

Wengine hujibu mara moja: shule ni ya masomo, huzuni ni ya nyumbani. Jibu hili si la kipumbavu. Hapa Kabondo, kama katika mitaa mingine ya Kisangani, mwalimu ana watoto wengi mno mbele yake, hasa tangu mwaka 2019, Serikali ilipoanza kutekeleza shule ya msingi ya bure. Mshahara wake ni mdogo. Kumwambia mtu wa namna hiyo achukue na machozi ya darasa zima, si kumtwika mzigo juu ya mzigo?

Lakini ngojeni kidogo. Mwalimu yule yule anayesema huzuni si kazi yake, ndiye anayempiga mtoto fimbo kwa sababu amesinzia. Basi amekwisha kuhukumu. Amesema moyoni: huyu ni mvivu. Na mtu akitaka kuhukumu, sharti ajue anahukumu nini. Labda mtoto aliamka saa kumi za usiku kumsaidia mama yake kupanga kwanga za kuuza sokoni. Labda ni mmoja wa wale walioyakimbia mapigano ya Wambole na Walengola, yaliyoanza upande wa Lubunga mwezi wa Februari 2023, naye aliona kwa macho yake mambo ambayo hata mtu mzima hapendi kuyasimulia. Fimbo haiulizi. Mtu hawezi kukataa kujua, kisha akakubali kuadhibu.

Tena iko hukumu iliyo mbaya kuliko fimbo, nanyi mwaijua. Mtoto anyamazaye, asiyelala usiku, akojoaye kitandani ingawa amekwisha kuwa mkubwa, watu huanza kumnong'onia: ndoki. Kisha hufukuzwa nyumbani, akalala sokoni. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kumsingizia mtoto uchawi, na mwenye kufanya hivyo aweza kufungwa. Sheria hiyo ni nzuri, lakini hakimu huja nyuma, mambo yakiisha haribika. Anayemwona mtoto karibu kila siku, na kuweza kusema mapema kwamba huyu hana uchawi bali ana uchungu, ni mwalimu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza ni dawa zipi zinazopunguza huzuni. Majibu yake yaweza kuwachekesha wengine: kufurahia jambo jema, kulia machozi, kuwa na rafiki anayehurumia, kuutafakari ukweli, na pia kulala na kuoga! Mwalimu mkubwa wa teolojia hakuona aibu kusema juu ya usingizi. Na juu ya rafiki alieleza kwamba huzuni ni kama mzigo. Mwingine akihuzunika pamoja nasi, twaona kana kwamba ameshika upande mmoja, nasi twapata nafuu. Angalieni hakusema kwamba rafiki huyo sharti awe mganga.

Wenzetu wa Kenya wamelijaribu jambo hili kwa akili. Shirika moja liitwalo Shamiri huwafundisha vijana, wengi wao waliomaliza shule juzijuzi tu, nao huwakusanya wanafunzi wa sekondari kikundi kikundi, mara moja kwa juma, kwa majuma manne. Huzungumza juu ya mtu kuweza kubadilika na kukua, juu ya shukrani, juu ya mambo anayoyathamini. Mwaka 2021 watafiti walitangaza matokeo ya majaribio yao kwa wanafunzi 413. Wale wa vikundi hivyo walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao waliofundishwa namna ya kusoma vizuri tu, na baada ya miezi saba tofauti ilikuwa bado yaonekana. Lakini lililo kubwa machoni pangu si hesabu hiyo. Kijana anayeongoza kikundi hakuachwa peke yake: ana msimamizi wa kumweleza yaliyomshinda, na msimamizi naye ana mtaalamu nyuma yake. Mwenye kusaidia naye asaidiwa.

Sasa turudi kwetu. Nani amewahi kumsaidia mwalimu wa Kisangani? Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji huu, mabomu yakaanguka juu ya nyumba na shule, na watu kwa mamia wakafa. Mtoto aliyejificha chini ya kitanda siku zile, leo ana miaka thelathini na zaidi. Ndiye mzazi, ndiye mwalimu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita vya miaka ile. Ni haki. Lakini dola hazimwulizi mtu kama siku hizi analala vizuri. Mtu ambaye hakusikilizwa hata siku moja, tutamwagizaje kesho asikilize?

Kwa hiyo wale wanaokuja kuzisaidia shule katika mambo ya moyo na akili, nawasihi wasije na semina ya siku tatu, cheti na pesa za njia, kisha waondoke. Semina za namna hiyo tunazijua. Afadhali aje mtu mmoja kila mwezi, kwa mwaka mzima, aketi na walimu baada ya masomo, awasikilize kwanza wao wenyewe, ndipo wachunguze pamoja habari za mtoto fulani bila kumtaja jina. Polepole shule itajifunza kujiongoza yenyewe. Na mkuu wa shule atoe saa hiyo. Asipotoa saa, maneno yote ni bure.

Liko jambo moja gumu, nalo ni siri. Maneno ya mtoto hayapelekwi kwenye chumba cha walimu kuwa mazungumzo. Lakini akisema kwamba anataka kujiua, au kwamba yuko mtu anayemtendea vibaya mwilini, mwalimu asikae na neno hilo peke yake hata siku moja. Na mtoto aambiwe wazi tangu mwanzo kwamba habari za namna hiyo zitafikishwa kwa mtu wa kumwokoa. Shule nyingi hazijapata kulipatana jambo hili. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, mzazi yeyote aweza kusimama na kuuliza: katika shule yetu, mtoto mwenye neno zito anamwendea nani, saa ngapi, na katika chumba gani?