Koo la mutoto na daraka la mwenye kutoa dawa



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mambo makubwa: ndoa, mahari, matanga, majina ya watoto. Leo tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya jambo dogo, lile linaloanza usiku ndani ya nyumba, wakati mutoto anaita: “Mama, koo inaniluma!”

Kwetu Bukavu jambo hilo linajulikana sana. Muji wetu uko juu, karibu metre 1.500 juu ya bahari, na usiku baridi inapanda kutoka ziwa. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 6 mupaka mwezi wa 8, vumbi la barabara linaingia hata ndani ya sufuria. Kisha mwezi wa 9 mvua inarudi, na nyumba nzima inakohoa. Hapo watu wengi hawakimbilii kwa munganga. Mama anawasha mbabula, anaweka maji, anatafuta tangawizi. Hiyo ni mila yetu, na hatuione haya.

Lakini mila yoyote inabeba swali ndani yake, na swali la hii ni hili: mutu akimupa mwenzake dawa ya nyumba, anadaiwa nini kisha? Kama ametoa kwa mapendo, imetosha? Ao daraka lake linaendelea hata wakati kikombe kimekwisha kuwa kitupu?

1. Vitu tulivyopokea kwa wazee

Tuanze kwa kushukuru. Wazee wetu walituachia vitu vingi vya kutuliza koo. Tangawizi inapondwa, inachemshwa, inachujwa, kisha inatiwa ndimu na asali. Majani ya sitronela, yale yanayopandwa kandokando ya lupango, yanafanya chai yenye harufu nzuri. Kitunguu saumu kinatafunwa na wale wenye moyo wa kukivumilia. Kongo bololo inakunywewa huku mutu amefunga macho, na koko anasimama pale mupaka amalize. Na kuna dawa ya masikini kuliko zote: maji ya uvuguvugu, glasi moja, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, unasukutua koo, unatema, unarudilia.

Tuangalie jambo moja ambalo mara nyingi tunalipita bila kulifikiri. Mufumu akikutunza, utamuletea kuku ao feza. Munganga akikutunza, utapita kwanza kwa mwenye kuandika fishi. Lakini koko aliyepika tangawizi saa nane za usiku, nani aliyemulipa? Dawa ya nyumba haiuzwe. Inatolewa sawa vile maziwa ya mama yanavyotolewa. Ndiyo maana mutoto anaikumbuka hata akizeeka, na ndiyo maana tunaona ni vigumu kuisemea neno baya.

2. Kutuliza ni kitu kimoja, kuponya ni kingine

Kuna ndugu zetu waliosoma ambao wanasema: “Tuache mambo hayo ya kienyeji, tumeze vinini.” Hatukubaliane nao. Mara nyingi koo inaumia juu ya vijidudu vidogo sana vinavyoitwa virusi, vile vya gripi, na virusi hivyo haviogope penisilini wala ampi. Mwili wenyewe unavifukuza, kwa kawaida ndani ya juma moja. Katika siku hizo mugonjwa anahitaji kinywaji cha moto, pumziko, na mutu wa kumukalia karibu. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya kikohozi na mafua ya watoto, lilitaja asali kati ya vitu vya nyumbani vinavyoweza kutuliza koo. Basi koko hakukuwa mujinga.

Tena wale wanaocheka tangawizi wafikiri kidogo. Mutu akienda farmasi ya pembeni ya njia, akauziwa vinini viwili vya antibiotike bila kupimwa, akavimeza leo na kesho akaacha, amefanya nini? Amefanya dawa ya nyumba vilevile, tofauti ni kwamba yake inafundisha vijidudu kuzoea dawa. Tangawizi haikufanya hivyo hata siku moja.

Lakini tuseme na upande wa pili. Kutuliza si kuponya. Mutoto aliyekunywa asali anaweza kulala vizuri, na ugonjwa ukaendelea kufanya kazi yake kimyakimya. Katika watoto wanaoumia koo, karibu 2 ao 3 juu ya 10 hawana virusi. Wana mikrobi inayoitwa streptokoki. Kwa wengi hata hiyo inapita. Lakini kwa wengine, majuma 2 mupaka 4 kisha koo kupona, viungo vinaanza kuvimba, leo goti, kesho kifundo cha muguu. Na homa hiyo inaweza kushika moyo na kuharibu vile vilango vidogo vinavyopitisha damu. Penisilini, hata ikianzishwa mupaka siku ya 9 ya kuumia koo, inaweza kuzuia mambo hayo. Asali haiwezi. Hilo halitegemei kizungu ao kienyeji. Ni ginsi mwili unavyokuwa.

3. Neno la mama mumoja

Tulipozungumza juu ya habari hii katika mukutano wetu, mama mumoja alisimama. Tulidhani atatuongezea namna nyingine ya kupika tangawizi. Alisema hivi:

“Mie binti yangu alikuwa na miaka 9. Koo ilimulumaka kila mara. Mama yangu muzazi anamupikia asali na ndimu, anapona, anarudi kwa masomo. Tukasema dawa inafanya. Kisha magoti ikavimba. Tukasema ni kukimbia-kimbia. Kisha akaanza kukosa pumuzi paka kwa kupanda kilima ya kwetu. Munganga akatuambia moyo. Sasa anapigwa sindano kila wiki 4, na bado atapigwa miaka mingi. Mama yangu, tangu siku ile, hapikake tena tangawizi. Anauliza: ‘Ni mie nilimuua mutoto?’ Nami sijue nimujibu nini.”

Watu walinyamaza. Mutoto yule angali muzima, Mungu asifiwe, na anasoma. Lakini swali la koko wake lilibaki katikati yetu, na ndilo limetufanya tuandike kurasa hizi.

4. Je, koko ana kosa?

Sisi tunajibu: hapana. Mutu hawezi kulaumiwa juu ya jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Yule mama muzee alitoa kile alichokuwa nacho, kwa mukono safi, na alitoa bila kukawia. Angefanya kosa kama angekuwa anajua hatari akanyamaza, ao kama angemukataza binti yake kwenda kwa munganga ili yeye abaki mukubwa wa nyumba. Hakufanya hivyo.

Lakini kusema “koko hana kosa” hakumalizi neno. Kuna wale waliojua. Yule muganguzi wa sante ambaye anawachekelea wamama mbele ya watu juu ya majani yao, kesho mama hatamwambia kitu. Atatibu kwa siri na kukawia. Mutu mwenye elimu akiidharau mila, anaifukuza mafichoni, na huko mafichoni hakuna anayeirekebisha. Wahenga walisema, mwenye kuficha ugonjwa, kifo kitamuumbua. Lakini tuulize pia nani aliyemufanya aufiche.

Tena kuna feza. Tusijidanganye: wengi wetu hatukawie kwenda kupimwa juu ya kupenda tangawizi. Tunakawia juu ya kukosa za fishi na za dawa. Tangawizi inakuwa jina zuri la umasikini. Hapo daraka si la mama peke yake. Jirani anayejua kwamba mutoto wa upande wa pili ana homa siku ya 4, na ana kitu katika mufuko, naye anadaiwa. Wamama wetu wanafanya likirimba ya pagne na ya sahani. Kwa nini tusiwe na kisanduku kidogo cha mutoto mugonjwa?

Na sasa sisi tulioandika, na wewe uliyesoma, tumekwisha kujua. Aliyejua hawezi tena kujificha nyuma ya kutojua. Kikombe ambacho koko alikitoa bila kosa, sisi tukikitoa vilevile bila kuangalia mutoto, tutakuwa na kosa.

5. Mila ya kushika na mila ya kuacha

Si kila kitu cha wazee kinahusu kikombe. Tunajua pia, huku kwetu na kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi, desturi ya kukata kilimi, ile nyama ndogo inayoning’inia nyuma ya kinywa. Mutoto akikohoa sana ao akikataa kunyonya, anapelekwa kwa mwenye kukata. Tuseme wazi: hiyo tuiache. Kilimi hakileti kikohozi. Kukikata kumemwaga damu ya watoto hata wakafa. Wembe umeleta tetanosi na magonjwa mengine ya damu. Mutu akituambia “ni mila,” tunamujibu: ndiyo, lakini kikombe cha tangawizi kikishindwa, mutoto bado yuko na unaweza kumupeleka kwingine. Wembe ukishindwa, huenda hakuna tena wa kupeleka. Hapo ndipo tunapopima mila: je, inaacha mulango wazi kwa usaidizi mwingine?

Hata asali ina mupaka wake. Mutoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali hata kidogo, juu inaweza kubeba kijidudu chenye sumu inayolegeza viungo vya mutoto muchanga. Kwa yule, ziwa la mama ndiyo dawa.

Na mapendo nayo yana mupaka. Tunakumbuka Ebola, iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa 8 mwaka 2018, na ambayo ilifika mupaka Mwenga, hapa Kivu ya Kusini, mwezi wa 8 mwaka 2019. Nayo inaweza kuanza kwa homa, uchovu na koo kuuma, sawa gripi. Wengi waliopata ugonjwa ule ni wale waliotunza wenzao kwa mikono mitupu. Hatuwezi kusema walikosea kupenda. Tunasema tu kwamba mukono unaopenda unapaswa kunawa, na wakati wa ugonjwa wa namna ile unapaswa kuita wenye kazi hiyo mbele ya kugusa.

6. Kupokezana dawa pamoja na mupaka wake

Basi tunashauri nini? Hatusemi mbabula izimwe. Tunasema kwamba anayemufundisha binti ao kijana wake kupika tangawizi, amufundishe pia kuhesabu siku. Siku ya kwanza na ya pili, tangawizi, chumvi, pumziko. Siku ya tatu, kama homa ingali, ao vitonge vya shingo vimevimba, mutoto apelekwe kwa sante, hata kama amekunywa na kulala vizuri. Na kama anashindwa kumeza mate, kama pumuzi inalia, kama hawezi kufungua kinywa, tusingoje siku ya tatu. Tuondoke usiku uleule. Na tukifika, tumwambie munganga bila haya kile tulichomupa.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili: mwenye kutoa dawa ya nyumba anadaiwa kuangalia. Dawa yake si tangawizi peke yake; ni tangawizi na macho yake. Anadaiwa pia neno moja gumu, ambalo hata wakubwa wa kazi wanashindwa kulisema: “Hapa nimefika mwisho wangu.” Anayeweza kulisema, huyo ni mutunzaji wa kweli, awe koko, awe mufumu, awe munganga wa hopitali kubwa.

Tulimwomba yule mama arudi nyumbani amwambie mama yake muzazi kwamba sisi wote tunamusalimia, na kwamba hakumuua mutu. Tulimwomba pia amwambie apike tena. Binti yake, kati ya sindano na sindano, bado anapata baridi kama watoto wengine, na usiku koo yake bado inataka kitu cha moto. Tofauti ni kwamba sasa ndani ya nyumba ile kuna mutu wa kupika na mutu wa kuhesabu siku.

Wewe msomaji, ukiona mila yako haina mwenye kuhesabu, uanze wewe.