Mwanga wa Wastani

Lenzi ya zamani haiongei na kamera. Chukua Helios 44-2, ile ya milimita 58 iliyotengenezwa Umoja wa Kisovieti, uifunge kwa adapta kwenye Canon ya kidijitali. Pale kwenye skrini ambapo hukaa namba ya tundu la lenzi utaona 00. Kamera haijui umefungua tundu kiasi gani. Itapima mwanga unaofika ndani na kukisia, na mara nyingi itakisia ovyo: picha moja imeungua, inayofuata ni giza tupu.

Wengi huanza kulaumu lenzi, na wakati mwingine ni lenzi kweli. Lenzi za mtumba huwa na ukungu ndani ya vioo, na ukungu hupausha picha hata kama mwanga uko sawa. Mulika na tochi ya simu kutoka nyuma utauona. Wakati mwingine ni wewe umeondoa jicho kwenye kitundu cha kuchungulia, jua likapenya hapo nyuma na kuidanganya kamera. Dawa ni kuweka kamera kwenye M na kuamua mwenyewe. Jua la saa sita Ukambani, ISO 100, tundu 16, shata 1/125: anzia hapo, tazama, rekebisha.

Hesabu ni rahisi hivyo. Kilichonisumbua mimi ni hilo neno “rekebisha”. Unarekebisha hadi picha iwe sahihi kwa nani?

Kipimo cha mwanga, tangu enzi za filamu, kinaamini kwamba dunia yote ukiikoroga pamoja inatoa rangi ya kijivu, kile kijivu cha kadi inayoakisi asilimia 18 ya mwanga. Kamera za leo zina ujanja zaidi, lakini msingi ni uleule. Sasa simama katikati ya mto Tiva wakati wa kiangazi. Maji yako chini, watu wanachimba mchanga kuyafikia, na mchanga wenyewe unang'aa hadi unakunja uso. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga hadi mchanga uwe kijivu. Mama aliyesimama hapo na mtungi anageuka kivuli kilichovaa leso. Ukiiuliza mashine, picha iko sawa kabisa.

Wastani huo una historia. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, na kwenye kadi alikuwepo mwanamke Mzungu. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika mwaka 2009 kwamba miongoni mwa waliosukuma Kodak kuboresha filamu ili ionyeshe vizuri rangi za giza ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao. Walilalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani pichani. Soma hiyo tena polepole. Kabati lilikuwa na mtetezi.

Sikumaliza chuo, lakini falsafa ya muhula mmoja iliniachia Aristotle. Yeye alisema wema hukaa katikati, halafu akatahadharisha kwamba katikati hiyo haipatikani kwa kujumlisha na kugawanya. Chakula kinachomtosha anayeanza mazoezi hakimtoshi Milo, bingwa wa mieleka. Lazima umtazame mtu mwenyewe. Kamera inajumlisha na kugawanya tu.

Kiangazi kimoja, kusini mwa Kitui, nilikuwa napigia shirika fulani picha za ukame. Susu mmoja alikubali nimpige kando ya shimo la maji. Ya kwanza nilifuata kipimo. Ya pili nikazungusha tundu kutoka 16 hadi 8, kwa ajili ya uso wake. Anga likaungua likawa karatasi, kilima cha nyuma kikapotea. Nikamwonyesha zote mbili.

“Hii ya pili ndiyo mimi,” akasema. “Hiyo ingine umepiga nani, mwanangu?”

Shirika lilichagua ya kwanza. Inaonyesha hali ilivyo ngumu, waliniambia. Na hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kile kivuli: mtu asiye na uso anaweza kuwa ukame wenyewe. Susu mwenye mikunjo, jino moja la pembeni na jicho linalokucheka ni susu tu, na ana maoni yake. Mwanga uliopo unaruhusu picha zote mbili, kwa hivyo huwezi kusema moja ni uongo. Lakini kati ya kipimo, mteja na mwenye uso, naamini mwenye uso ndiye wa kwanza kuulizwa.

Sasa nisikize, maana msimamo huu una gharama. Wote mjini, bibi harusi aliniomba nimfanye mweupe “kidogo tu, kama wale wa Instagram”. Kama mwenye uso ndiye hakimu, nina haki gani ya kumkatalia? Nilifungua mwanga hadi pale ngozi yake ilipoonyesha kila kitu ilicho nacho, nikasimama. Ukizidisha, sehemu zinazong'aa, paji la uso na mashavu, zinaanza kuungua, na pahali palipoungua faili haina kitu tena. Hakuna programu itakayoparudisha. Nilimweleza hivyo. Alikubali, ingawa nadhani alikubali kwa sababu wageni walikuwa wanangoja. Mpaka huo niliuweka mimi, na sijui kama fizikia ilinipa ruhusa au ilinipa kisingizio.

Hata kwa susu nilitoa kitu. Kile kilima kilichopotea ni kwao. Uso wake uko, nyumbani kwake hakupo. Marafiki wapiga picha wananiambia suluhisho ni kungoja saa kumi na moja jioni, jua likilala, uso na anga vinatoshana. Ni kweli, mwanga wa saa hiyo huko Ukambani ni mtamu ajabu. Lakini punda alikuwa ameshafungwa mitungi, na kutoka mtoni hadi kwake ni mwendo wa saa nzima.