Waraka ni wa Nani?

Aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani Tukufu inahusu deni. Ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, na hukumu zake ni za watu wanaokopeshana mali kwa muda maalumu: waliandike deni lao, liwe dogo au kubwa, wala wasichoke kuliandika, mwenye kuimla awe mdaiwa, kwa kuwa haki iko juu yake, na akiwa hawezi, walii wake amwimlie kwa uadilifu, katibu asikatae kuandika, na mashahidi wasikatae wanapoitwa. Mtu akiupima vyema mgawanyo huo wa kazi ataona kwamba maneno ya waraka ni ya mdaiwa, haki iliyomo ni ya mdai, ushahidi wake ni wa watu wote na wa kadhi ikiwa watafika mbele yake, na katibu, ambaye mkono wake ndio uliofanya kazi yote, hana fungu lolote humo ila ujira wake.

Sasa na tumfikirie katibu aliyeandika kwa mwandiko aliouzua mwenyewe, ambao hapana mwingine awezaye kuusoma, hata ikawa kila mdai anapotaka kujua muda wa deni lake hana budi kurudi kwa katibu yule, na kuomba, na kulipa. Waraka umo sandukuni mwa mdai, lakini maana yake imo kifuani mwa katibu. Je, huyu ametimiza amana, au amejitia ushirika katika deni lisilomhusu? Wanazuoni wa kale hawakuwa na haja kubwa ya kuuliza hivyo, kwa sababu mwandiko ulikuwa mali ya kila aliyepita chuoni: Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na unaonasibishwa na mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo hapana sultani wala tajiri aliyeweza kuzikodisha, na kwa hiyo aliyezisoma anaweza kuukabili hadi leo. Swali hili limetufikia sisi, watu wa kompyuta, na katika miaka kumi ya kwanza ya karne hii lilizigombanisha serikali, makampuni na mashirika ya viwango kwa ukali ambao mtu asingeutazamia katika jambo linaloonekana kuwa la makarani.

Faili ya kompyuta ni mfululizo wa tarakimu tu, na kinachoigeuza kuwa hati ya nyumba, wasia au hesabu ya mirathi ni kanuni inayosema kwamba tarakimu hizi ni herufi, hizi ni jedwali, na hizi ni tarehe. Aliye na kanuni anaweza kuunda programu yake na kuisoma faili. Asiye nayo ameshika tarakimu. Kanuni za faili za Word na Excel, ambazo ofisi za dunia nzima zilizitumia tangu miaka ya tisini, kwa muda mrefu zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Microsoft, na aliyetaka kuzijua alilazimika kuzikisia kwa kudodosa faili zenyewe au kumwomba mwenyewe, mpaka zilipowekwa wazi kwa kila mtu Februari 2008. Sisemi kwamba kampuni hiyo ilikuwa na dhamiri mbaya kuliko wafanya biashara wengine. Nasema tu kwamba ilisimama mahali ambapo katibu hapaswi kusimama.

Miongoni mwa waliolitambua hilo mapema alikuwa Edgar Villanueva, mbunge wa Peru, ambaye mwaka 2002 alimwandikia mkuu wa Microsoft nchini mwake barua ya kuutetea mswada wa programu huria serikalini. Hoja zake hazikuwa za bei. Alishikilia kwamba raia ana haki ya kuzifikia habari za umma bila kufungwa na muuzaji mmoja, kwamba kumbukumbu za umma hazina budi kudumu, na kwamba usalama wa dola hauwezi kutegemea kitu ambacho dola yenyewe haikijui. Mwaka 2005 jimbo la Massachusetts, Marekani, likaamua kwamba kuanzia Januari 1, 2007 nyaraka za idara zake kuu zihifadhiwe katika miundo iliyo wazi. Mkuu wa teknolojia wa jimbo hilo, Peter Quinn, aliandamwa na habari za gazeti kuhusu safari zake; uchunguzi ukamtakasa, naye hata hivyo akajiuzulu. Miaka miwili baadaye jimbo liliupanua mlango, na muundo wa Microsoft ukaingia pia.

Muundo ambao Massachusetts iliuchagua kwanza unaitwa ODF. Asili yake ni programu ya StarOffice iliyobuniwa Ujerumani, ikanunuliwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1999. Kanuni za faili zake zikakabidhiwa shirika la OASIS, ambalo kamati yake ilianza kazi mwaka 2002 na kuzitangaza kuwa kiwango Mei 2005, na mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, likazipokea kwa namba 26300, katika kurasa kama mia saba. Sun ilikuwa mshindani wa Microsoft, na hapana mtu mwenye akili atakayeamini kwamba iliyafanya hayo kwa ucha Mungu. Lakini katika sharia ya wakfu hatupekui moyo wa mwenye kuweka wakfu: huenda alitaka thawabu, huenda alitaka kumkera jirani, maadamu ametamka, kitu kile hakiuzwi, hakipewi mtu hiba, wala hakirithiwi, na manufaa yake yamekuwa ya wale waliotajwa. Nia ni baina yake na Mola wake.

Microsoft haikukaa kimya. Mwishoni mwa mwaka 2005 iliupeleka muundo wake mpya, unaoitwa OOXML, kwa shirika la Ecma, nalo likaupitisha Desemba 2006 katika maandishi yaliyozidi kurasa elfu sita, kisha ukapelekwa ISO kwa njia ya mkato. Kampuni iliahidi pia kwamba haitamshitaki mtu kwa hataza zake akiutumia muundo huo, na ahadi hiyo ikaandikwa kuwa haitatenguliwa. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba duniani zimo nyaraka zisizo na idadi zilizokwisha kuandikwa kwa programu zake za zamani, na kwamba muundo mpya hauna budi kuzibeba zote kwa uaminifu, pamoja na kila kasoro na kila upekee wake, pasipo kupoteza hata nukta.

Hoja hii wapinzani wengi waliipita kwa dharau, nami naona walikosa insafu, kwa sababu nayo ni hoja ya amana. Aliyewekewa kitu hana ruhusa ya kukitengeneza kwa maoni yake, na waliokwisha kufa hawawezi kuulizwa kama wanaridhia nyaraka zao zisahihishwe. Uzito wake na udhaifu wake huonekana pamoja katika kisa kimoja kidogo, nacho ni kisa cha siku ambayo haikuwako.

Katika kalenda ya Gregori, iliyoanza kutumika mwaka 1582, mwaka unaokamilisha mia haupewi siku ya 29 ya Februari ila ukigawanyika kwa 400. Kwa hiyo mwaka 1600 ulikuwa nayo, mwaka 2000 ulikuwa nayo, na mwaka 1900 haukuwa nayo. Programu ya hesabu iliyoitwa Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, iliuhesabu mwaka 1900 kana kwamba ni mwaka mrefu. Excel ilipokuja, ikataka majedwali ya Lotus yafunguke ndani yake bila kuvurugika, ikalifuata kosa hilo kwa kujua. Na kwa kuwa programu hii hutunza tarehe kwa kuhesabu siku tangu Januari 1, 1900, siku ya 60 ikawa ni Februari 29 ambayo jua halikuichomozea, na siku za juma zilizo kabla ya hapo zikatoka mahali pake. Walioandika kiwango cha Ecma wakaikuta siku hiyo, nao wakaiamuru. Katika ODF tarehe huandikwa kwa mwaka, mwezi na siku, na jambo hilo halina pa kuingilia.

Je, kosa lililotegemewa na watu wengi kwa muda mrefu hugeuka kuwa haki? Mwanasharia atakumbuka jinsi ada inavyopewa nguvu katika hukumu. Lakini ada hutawala katika mambo ambayo watu wana hiari nayo, kama vipimo vya sokoni na desturi za mahari, na mwendo wa jua haumo katika hiari ya mtu. Atakumbuka pia wahakiki wa miswada, ambao wakikuta kosa la mnakili hulinakili lilivyo, kisha huandika pembeni kwamba hili ni kosa na usahihi wake ni huu. Wametimiza amana mbili: ya yule aliyeandika na ya yule atakayesoma. Kwa hiyo nasema kwamba nyaraka za zamani zilistahili kosa lao lielezwe na litunzwe, na nyaraka ambazo hazijazaliwa zilistahili kuachwa huru nalo. Kuitunza amana ya jana hakumpi mtu idhini ya kumwimlia wa kesho.

Palikuwa na jambo jingine baya zaidi. Maandishi ya kwanza ya kiwango yalikuwa na amri ambazo majina yao yalimtaka mtengenezaji wa programu aache nafasi, au akate mstari, kama zilivyofanya Word 95 au Word 6, bila kumweleza programu hizo zilifanyaje. Wanausuli hawajuzishi bayana ichelewe kupita wakati inapohitajiwa, kwa sababu huko ni kumkalifisha mja kwa asichokijua. Na hapa palikuwa na sheria iliyochapishwa kwa watu wote ambayo tafsiri yake ilikuwa nyumbani kwa mtu mmoja. Kurasa elfu sita zinaweza kufungua mlango, na zinaweza pia kuuficha.

Kura ya kwanza ya ISO, Septemba 2007, haikuupitisha muundo huo. Katika siku za mwisho kabla ya kura, makampuni kadha wa kadha yalijiandikisha ghafla katika kamati ya Sweden, ikajulikana kwamba mtumishi mmoja wa Microsoft huko aliwaandikia washirika wa kampuni kuwahimiza washiriki, na shirika la viwango la nchi hiyo likaifuta kura yake kwa kuwa mwanachama mmoja alipiga zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa Februari 2008 wajumbe wakakutana Geneva kwa siku tano kuyazungumza majibu zaidi ya elfu ya dosari zilizotajwa. Wakazungumza machache, na yaliyobaki wakayapigia kura kwa mkupuo. Katika kura zilizofungwa mwezi uliofuata, nchi zenye ushiriki kamili zilikubali kwa kiasi cha 75 kwa mia. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zikakata rufani, rufani zikakataliwa, na Novemba 2008 kiwango kikachapishwa kwa namba 29500. Huko Norway wajumbe 13 kati ya 23 wa kamati ya nchi walijitoa.

Hapa mwanafalsafa ana la kuuliza. Wanazuoni waliposema kwamba ijmai ni hujja, hawakukusudia wingi wa vichwa. Walikusudia kwamba wenye elimu ya jambo wamelichunguza kwa hiari zao wakaafikiana. Jambo lisilozungumzwa halina ijmai, hata likipata kura zote. Kwa kipimo hicho, kilichotoka Geneva kilikuwa halali kwa kanuni za chombo, na kilikuwa dhaifu kwa kila kanuni nyingine.

Hata hivyo si haki kuficha kwamba mabishano yalizaa kheri. Amri zisizoelezwa zilipatiwa maelezo, na kiwango kikagawanywa sehemu mbili, moja ya mpito kwa ajili ya urithi wa zamani na moja kamili kwa ajili ya nyaraka mpya, jambo ambalo laiti lingefanywa tangu awali. Mwaka 2009 Office, mkusanyiko wa programu za Microsoft wenye Word na Excel, ilianza kufungua na kuandika ODF. Ila Alex Brown, mtu yule yule aliyekiongoza kikao cha Geneva, alilalamika mwaka 2010 kwamba kampuni ilikuwa ikiandika kwa sehemu ya mpito na kuiacha ile kamili. Na Office ya kwanza iliyoweza kuiandika ilikuwa ile ya 2013. Serikali ya Uingereza ilichagua ODF Julai 2014 kwa nyaraka ambazo watu huhaririana.

Na sisi? Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kutoka menyu hadi maonyo yake, ambayo mzizi wa faili zake ndio mzizi wa ODF. Wale walioifasiri hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuugusa msimbo wala kanuni, kwa kuwa vyote vilikuwa vimekwisha kuachiwa watu. Tulipewa mapema kitu ambacho mataifa tajiri yalikuwa bado yakikigombania, nasi kwa sehemu kubwa tukakiacha kabatini. Kosa hilo si la Microsoft.

Basi wewe uliye na dhamana ya daftari la ardhi, la ndoa, la mirathi au la mahakama ya kadhi, usingoje wataalamu wakubaliane ni muundo upi ulio bora. Kabla hujatia saini mkataba wa kununua programu, mtake muuzaji aifungue faili moja ya ofisi yako kwa programu ya mtu mwingine mbele ya macho yako, ionekane nzima, na tarehe zake zikiwa sahihi; na akishindwa, usitie saini.