Je, Komisionere Anaponyamaza Anadanganya?

Jumamosi moja jioni, wakati wa mvua, kijana mmoja wa jumuiya yetu alinifuata nyuma ya kanisa baada ya mafundisho. Alikuwa na matope mpaka magotini, maana siku ile alitembea tangu Katuba mpaka Bel-Air, akarudi kwa miguu. Kazi yake ni kuwatafutia watu nyumba za kupanga na parseli za kununua. Hapa kwetu Lubumbashi mtu wa kazi hiyo tunamwita komisionere. Akaniuliza: "Mwalimu, mtu asiposema neno lolote, je, amesema uongo?"

Nikamwomba aeleze. Alikuwa amempata mama mmoja mjane, mwenye watoto wanne, aliyetaka nyumba ya vyumba viwili. Naye kijana alijua nyumba moja nzuri kwa macho, iliyopakwa rangi mpya. Lakini rangi ile ilipakwa ili kuficha alama ya maji ukutani. Kila mwaka, mvua zikizidi mwezi wa Januari, maji huingia ndani mpaka kwenye vitanda. Mwenye nyumba alimwambia: "Wewe onyesha tu. Habari ya maji usiitaje." Mama hakuuliza habari ya maji. Jumatatu angeleta fedha. Na kijana alikuwa amemaliza majuma saba bila kupata hata franga moja. Watoto wake wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya deni.

Jibu la haraka nilikuwa nalo mdomoni, maana amri ya nane tunaifundisha kila mwaka. Lakini nilitazama viatu vyake, nikaona kwamba yafaa kwanza niijue kazi yake, ndipo nimfundishe. Basi tuliketi, akanihesabia mapato yake.

Watu wengi hufikiri kwamba komisionere anakula bure: anafungua mlango, anapokea dola, anakwenda zake. Tuseme nyumba ni ya dola 150 kwa mwezi. Desturi ni kwamba mpangaji amtolee komisionere kodi ya mwezi mmoja, mbali na garanti ya mwenye nyumba. (Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 yasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu, lakini wengi wetu twajua kwamba huombwa zaidi.) Je, kijana wetu anapata hizo dola 150? La. Mwenzake aliyemletea mteja anataka fungu lake. Mwingine aliyeijua nyumba kwanza anataka fungu lake. Wakigawana sawasawa watu watatu, kila mmoja anapata dola 50. Toa sasa nauli ya takisi, toa unite za simu, toa chakula cha njiani. Tena, ili apate mpangaji huyo mmoja, alikuwa amewaonyesha nyumba watu sita. Watano walitazama, wakashukuru, wakaenda zao. Miguu aliyowatembelea watano hao hakuna aliyeilipa.

Tena kuna hila. Mteja huonyeshwa nyumba leo, na kesho hurudi peke yake kwa mwenye nyumba, wapatane wawili bila komisionere. Mwenye nyumba naye husema: "Yule simjui." Wakristu nao hufanya hivyo, na Dominika wanakuja kupokea Ekaristi bila wasiwasi. Sisemi kwa kuwasengenya wengine. Mimi mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, nilipopata nyumba ninayokaa, nilimpa komisionere nusu ya tuliyopatana, nikamwambia: "Mungu atakulipa iliyobaki." Nilifikiri nimesema neno la dini.

Wazee wetu hawakuijua sana shida hii. Aliyeajiriwa na Union Minière, au na Gécamines iliyokuja baada yake mwaka 1967, alipewa nyumba kambini na unga wa mwezi pamoja na kazi. Lakini kampuni ilidhoofika, na mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa kupewa fedha ya mara moja. Nyumba nyingi zilikwisha fedha hiyo upesi, maana aliyezoea mshahara wa kila mwezi hajui kuigawa fedha ya siku moja kwa miaka. Leo wana na wajukuu wa watu hao wanatafuta riziki mjini, na wengine wameingia katika kazi hii, ambayo fedha yake nayo huja mara moja, kisha hukaa kimya majuma mengi. Juma la fedha mtu anakula kama chifu, na juma la njaa anauza simu yake.

Sasa turudi kwenye swali. Ni swali la zamani sana. Cicero, Mrumi asiyemjua Kristu, aliliandika katika kitabu chake juu ya wajibu wa watu, mwaka 44 kabla ya Kristu. Alitoa mfano wa mtu anayeuza nyumba yenye ubovu anaoujua yeye peke yake: inaleta magonjwa, nyoka huonekana vyumbani, miti yake imeoza. Je, akinyamaza ametenda haki? Wenye hekima wawili walibishana. Mmoja alisema muuzaji hakumlazimisha mtu kununua. Wa pili alisema kumwacha mwenzako apotee njia, nawe waijua njia, ni kosa. Cicero mwenyewe aliamua kwamba haifai kumficha mnunuzi.

Miaka mingi baadaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipima jambo hilo kwa akili ya Kikristu. Ubovu ulio wazi kwa macho, kama dirisha lililovunjika, muuzaji halazimiki kuutangaza, mradi bei yake iwe ya haki. Lakini ubovu uliofichika, wenye kumletea mwenzako hasara au hatari, lazima ausemwe na anayeujua. Sasa ukuta uliopakwa rangi juu ya alama ya maji ni ubovu wa namna gani? Hata mtoto wa katekisimu atajibu.

Kijana akanipinga, na alinipinga vizuri. Akasema: "Mwalimu, nyumba si yangu. Mimi si muuzaji. Mimi ni mdomo wa kukopwa tu. Dhambi ni ya mwenye nyumba."

Nikafikiri kidogo, kisha nikamwuliza: "Nani anakulipa?" Akasema: "Mama ndiye atakayelipa." Basi, wasomaji, hapo ndipo fundo lenyewe. Mama analipa kodi ya mwezi mmoja, fedha ya chakula cha watoto wake, ili anunue nini? Ufunguo ni wa mwenye nyumba. Kuta ni za mwenye nyumba. Anachonunua kwa komisionere ni macho yake. Yeye ni mgeni katika mtaa ule, na komisionere ameyaona maji. Macho yaliyolipwa yakikataa kusema yaliyoona, mama amelipia kitu asichopewa. Kwa hiyo ukimya huo ni uongo, tena unakaribia wizi.

Hata hivyo nisingekuwa mwaminifu kama ningeishia hapo. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mtu anayekubali masharti mabaya kwa kusukumwa na shida hakukubali kwa uhuru wa kweli. Ametendewa kwa nguvu. Njaa haiwezi kuugeuza uongo uwe ukweli. Lakini anayeitengeneza njaa hiyo atahesabiwa pia. Tazameni jinsi tunavyomlipa komisionere. Akisema "nyumba hii ni nzuri," analipwa. Akisema "mama, usiichukue, maji yataingia," halipwi kitu. Neno la pili ndilo lenye faida kubwa kwa mjane, nalo ndilo tusilolinunua kabisa. Tunalipa ufunguo, hatulipi ukweli. Kisha tunashangaa kwamba ukweli umeadimika mjini.

Jumatatu kijana alimwambia mama habari ya maji. Mama alimshukuru sana, akaenda zake na fedha yake. Hakumpa kitu, na desturi haikumlazimisha. Mwenye nyumba alikasirika, akamtafuta komisionere mwingine, na sasa kuna watu wanaokaa katika nyumba ile. Ningependa kuwaambia kwamba juma lililofuata kijana alipata nyumba kubwa ya dola nyingi. Hakupata. Watoto walikaa nyumbani siku nyingine kumi na mbili. Mungu hakuahidi kwamba atarudisha kila deni kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini yatupasa kujiuliza: kwa nini gharama ya ukweli ule iliangukia watoto wawili wa shule, wala si sisi wote tunaoutaka ukweli?

Biblia Takatifu yatuonyesha mfano. Ibrahimu alipotaka shamba na pango la kumzika mkewe Sara, Efroni alisema mbele ya watu kwamba atampa bure. Ibrahimu hakukubali maneno matamu. Aliuliza bei, akapima shekeli 400 za fedha mlangoni pa mji, watu wote wakisikia. Naye nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, aliandika hati, akatia muhuri, akaita mashahidi. Watu hao wa Mungu hawakuona aibu kupatana bei wazi mapema. Sisi twaona aibu mwanzoni, kisha twagombana mwishoni.

Basi, wewe unayetafuta nyumba, patana na komisionere kabla hujaondoka nyumbani. Mwandikiane katika karatasi: atapata kiasi gani ukipanga, na atapata kiasi gani kwa siku aliyokutembeza hata usipopanga. Makomisionere wengine huomba fedha kidogo ya kutembelea, nasi hunung'unika. Lakini fedha hiyo, ikiwa ya haki, ndiyo inayomwachia nafasi ya kukuambia: "Hii usiichukue." Mwulize waziwazi: maji huingia? Deni la umeme limelipwa? Nani alitoka hapa, na kwa nini? Na akikuonyesha nyumba, usimzunguke kwa mlango wa nyuma. Ni ujira wa mfanyakazi, na Mtakatifu Yakobo amesema wazi kwamba ujira uliozuiliwa hulia mbele ya Mungu.

Wewe unayenunua parseli, kumbuka kwamba kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni mali ya Serikali, na haki ya raia juu yake huthibitishwa kwa sertifika iliyoandikishwa ofisini. Karatasi nyingine za mtaani hazitoshi. Nenda na komisionere wako mpaka ofisi ya ardhi kabla ya kutoa fedha, na umlipe siku hiyo pia. Parseli moja iliyouzwa kwa watu wawili huleta kesi ya miaka mingi, na mara nyingi maskini ndiye anayeshindwa.

Wewe mwenye nyumba, usimfundishe kijana kunyamaza. Tengeneza paa na mfereji. Rangi haizuii maji.

Nawe ndugu komisionere, kuna jambo liwezalo kukusaidia kushika amri ya nane, nalo ni akiba. Yosefu kule Misri aliweka sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe, na nchi ikapona katika miaka ya njaa. Wewe nawe, kila komisyo unayopokea, weka sehemu ya tano kabla hujanunua kitu: katika dola 50 ni dola 10. Usiiweke mfukoni, maana mfuko wa mtu mwenye njaa hauna mlango. Iweke katika likelemba ya watu unaowaamini, au mpe mke wako aitunze. Dola hizo ni chache, lakini siku mwenye nyumba atakapokuambia "nyamaza," zitakupa nguvu ya kufungua kinywa. Wengi huanguka kwa sababu siku ile hawana unga nyumbani, ingawa mioyo yao si mibaya.

Katika jumuiya yetu tulilisema jambo hili baada ya sala, bila kutaja majina. Mzee mmoja aliuliza: "Kama tunamchangia aliyefiwa, kwa nini tusimchangie aliyepata hasara kwa kusema kweli?" Hatujaamua bado. Lakini swali limebaki kati yetu, nami naliacha kwenu pia.

Mimi nami nina deni langu. Nilimtafuta yule niliyemnyima nusu. Namba yake ya simu haiiti tena, na mtaani wasema amehama. Nimeiweka fedha yake kando, katika bahasha, mpaka nimpate. Nisipompata, itakwenda kwa maskini, lakini haitakuwa yangu. Ndugu msomaji, kama nawe ulimwambia mtu "Mungu atakulipa," fikiri vizuri. Labda Mungu alikwisha kukupa fedha ile ili wewe ndiwe umlipe.