Nafasi ya Asiyefanana na Wenziwe

Katika futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao mpira hushikwa kwa mikono zaidi kuliko kupigwa kwa miguu, yuko mchezaji aitwaye kwotabeki, apokeaye mpira kila shambulio lianzapo na kuamua aurushe, amkabidhi mwenziwe, ama akimbie nao mwenyewe. Na maadamu hatima ya timu i mikononi mwake, walimu kwa muda mrefu walimtaka awe wa sura moja: mrefu, mtulivu, asimamaye nyuma ya walinzi wake akarusha mbali.

Taysom Hill hakuwa hivyo. Alipotoka Chuo Kikuu cha Brigham Young mwaka 2017, mwili wake ukiwa umekwisha onja majeraha mazito, hakuna timu ya kulipwa iliyomchagua katika uteuzi wa wachezaji wapya. Green Bay ikamjaribu ikamwacha, New Orleans ikamchukua. Huko mwalimu Sean Payton, ambaye tayari alikuwa na Drew Brees, gwiji asiye na haja ya msaidizi, hakumwacha akae bure: alimtuma kuzuia mikwaju ya wapinzani, kudaka, kukimbia, na mara mojamoja kurusha. Oktoba 2022, dhidi ya Seattle, Hill alifunga mara tatu kwa mbio zake, na pasi yake ikazaa bao la nne.

Nampenda mchezaji huyu; ila wanaomfanya hoja ya kwamba kila kijana akubali alipowekwa, hao siwaafiki. Warren Moon, kwotabeki kijana mweusi aliyeiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kushinda mchezo mashuhuri wa Rose Bowl Januari 1978, naye hakuchaguliwa. Zama hizo weusi wa nafasi ile walipewa nasaha ya kuhamia nafasi nyingine, kama nahodha aambiwaye ashuke ngamani akafue maji ilhali usukani anaujua. Moon alikataa, akaenda Edmonton, Kanada, akatwaa ubingwa mara tano mfululizo, ndipo Houston ikamsajili mwaka 1984.

Kwa insafu, mambo haya mawili hayalingani. Hill aliongezewa kazi, wala ya asili hakupokonywa: Brees alipoumia mwaka 2020, ni yeye aliyeanzishwa michezo minne, akashinda mitatu. Moon alitakiwa kuiacha kazi yake kabla hajajaribiwa, na jambo hilo silioni kuwa fadhila hata likisemwa kwa ulimi laini. Yeye aliendelea kurusha mpira hadi mwaka 2000, umri wake miaka 44.